Kosa Lisilo na Tendo: Askari, Mgeni na Sheria ya Uhamiaji



Hati ya mashtaka ya kosa ninalotaka kulizungumzia ni fupi kuliko karibu zote zinazopita mbele ya mahakimu wetu. Ina jina la mshtakiwa, tarehe, mtaa aliokamatwa, kisha maelezo ya mstari mmoja au miwili: kwamba siku hiyo, mahali hapo, akiwa raia wa nchi fulani, alikutwa nchini Kenya kinyume cha sheria. Kifungu ni cha 53(1)(j), kikisomwa pamoja na cha 53(2), cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, Na. 12 ya mwaka 2011. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Isomeni tena mkipata nafasi. Hakuna mali iliyoibwa, hakuna aliyepigwa, hakuna mlango uliovunjwa. Shahidi wa upande wa mashtaka, ambaye mara nyingi ndiye askari aliyemkamata, hatasema alimwona mshtakiwa akifanya jambo. Atasema alimkuta amesimama, au amelala, au anauza nguo, na alipomdai karatasi hakuwa nazo. Kosa lenyewe ni kuwapo.

Hoja yangu jioni hii inatokana na hapo. Tumezoea kulaumu tabia ya polisi: wanadai hongo, wanabagua, wanapiga. Sikatai. Lakini ningetaka tuanzie ndani zaidi, kwenye sheria iliyowapa kazi isiyoweza kufanywa kwa haki na mtu aliyesimama barabarani. Sheria ikishaamua kwamba kuwapo kwa mtu ni jinai, askari hana tendo la kulitazama. Kilichobaki mbele yake ni mtu: uso wake, mavazi yake, lafudhi yake, mtaa anaotokea.

Sheria zetu zinamruhusu askari kumkamata mtu bila kibali cha mahakama endapo anamshuku, kwa sababu za msingi, kuwa ametenda kosa la aina fulani. Kwenye wizi, maneno hayo yana uzito. Mtu anakimbia na mkoba wa mwanamke, nyuma yake watu wanapiga kelele za mwizi. Hizo ni sababu za msingi, na hakimu anaweza kuzipima baadaye. Sasa niambieni, sababu za msingi za kumshuku mtu kwamba muda wa viza yake umekwisha zinafananaje? Viza iliyopitwa na wakati haiathiri mwendo wa mtu. Mzungu aliyezidisha miezi 4 juu ya siku alizopewa anakunywa kahawa yake mtaani Karen, na hakuna askari atakayemsogelea, kwa sababu haonekani kama mhamiaji haramu. Kijana wa Garissa, aliyezaliwa Garissa, ambaye babu yake alizikwa Garissa, ataulizwa kitambulisho mara mbili kati ya kituo cha matatu na duka la mjomba wake.

Najua maafisa wa polisi walioko hapa watasema hawana maelekezo ya kumtazama mtu kwa kabila. Nawaamini. Hayahitajiki.

Twende mwaka 2014, kwa sababu ndipo mambo haya yalipoonekana kwa ukubwa wake. Septemba ya mwaka uliotangulia, kwenye jengo la maduka la Westgate, watu 67 walikuwa wameuawa. Machi 2014 waumini wakapigwa risasi kanisani Likoni. Tarehe 31 Machi mabomu yakalipuka mtaani Eastleigh, Islii kama wenyeji wanavyoiita, watu 6 wakafa. Nchi ilikuwa na hofu, na hofu ile haikuwa ya kubuni. Siku chache kabla ya mabomu ya Eastleigh, waziri wa usalama wa ndani, Joseph ole Lenku, alikuwa ameamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini Dadaab na Kakuma. Mwanzoni mwa Aprili ikaanza Operesheni Usalama Watch.

Maelfu ya maafisa waliingia mitaani. Milango iligongwa usiku, familia zikateremshwa ngazi za maghorofa, watu wakapakiwa kwenye malori. Wapatao 4,000 walikamatwa. Kituo cha polisi cha Pangani kilifurika, seli zilizojengwa kwa ajili ya watu wachache zikajazwa watu wasio na nafasi ya kukaa chini, wanawake na watoto wao wakiwamo. Hapo serikali ikafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kulichunguza: uwanja wa michezo wa Kasarani ukatangazwa katika Gazeti Rasmi kuwa kituo cha polisi.

Kwa nini kuhangaika na tangazo? Kwa sababu Katiba ya 2010 haitambui uwanja wa mpira kama mahali pa kumfungia mtu, na mawakili walikuwa wameanza kuuliza. Tangazo likaupa uwanja jina jipya, nyasi na viti vikabaki vilevile. Mimi naona tangazo lile ni ushahidi kwamba serikali ilijua kabisa sheria inadai nini. Haikusahau.

Ndani ya Kasarani kazi iliyofanyika iliitwa uchunguzi wa utambulisho. Mtu alisubiri hadi maafisa waangalie karatasi zake na kuamua: Mkenya, mkimbizi aliyesajiliwa, au mgeni asiye na kibali. Wenye vitambulisho halali vya Kenya walikuwamo humo, wakisubiri kama wengine. Tarehe 9 Aprili watu 82 walisafirishwa kwa ndege hadi Mogadishu, na ndege nyingine zikafuata. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24. Wengi walikaa siku nyingi bila kumwona hakimu. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, ilipeleka wakaguzi Pangani na Kasarani, na ripoti yake ya Julai mwaka huohuo ilisema wazi kwamba operesheni haikuendeshwa kwa kufuata sheria.

Tukiulizana operesheni ilikamata magaidi wangapi, nitawaachia maafisa walioko hapa wajibu. Kesi zilizofuata zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za kile kifungu cha 53.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la saa 24 ambalo watu wa nje ya taaluma hawalijui, na askari wa doria wanalijua vizuri sana. Ibara hiyohiyo ya 49 inasema saa 24 zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, mtu atafikishwa mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ni kanuni ya busara. Lakini maana yake mtaani ni kwamba aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila askari kuvunja sheria yoyote. Mwenye duka Eastleigh anapoambiwa Ijumaa saa 12 jioni kwamba karatasi zake zina walakini, anajua hesabu hiyo kichwani: usiku tatu Pangani, au elfu mbili hapahapa. Wala hahitaji kuwa mgeni. Anahitaji tu kuwa mtu ambaye askari anaweza kudai amemdhania kuwa mgeni. Wenyeji wa mtaa ule wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba polisi wanawaona kama mashine za kutolea pesa, na shirika la Human Rights Watch lilikusanya malalamiko ya namna hiyo katika ripoti yake ya Mei 2013, karibu mwaka mzima kabla ya Usalama Watch.

Ndiyo sababu ninaposikia kwamba dawa ya hongo ni mishahara bora na semina za maadili, nakunja uso kidogo. Mishahara iongezwe, naam. Lakini hongo hii inakua kwenye udongo wa aina yake: kosa ambalo askari analibuni na kulifuta kwa neno moja, bila shahidi, bila kielelezo, bila kitu kilichopotea cha kutafutwa. Mwizi akitoa hongo, aliyeibiwa atalalamika. Hapa hakuna aliyeibiwa. Askari na raia wakiachana kwa shilingi elfu mbili, hakuna mtu mwingine duniani atakayejua kwamba jambo limetokea.

Nitapita haraka kwenye historia, kwa sababu wengi wenu mnaijua. Kipande kilichotundikwa shingoni mwa wanaume Waafrika kuanzia mwaka 1919 na 1920, kikiwa na alama za vidole na rekodi ya mwajiri, ndicho kilichomfundisha polisi wa koloni hili kwamba mtu mweusi barabarani ana deni la karatasi. Novemba 1989 serikali huru iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wajitokeze wahakikiwe uraia, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Raia wa kadi mbili, jirani yake wa kadi moja. Uhakiki maalumu wa kupata kitambulisho uliendelea kaskazini kwa miongo mingine zaidi ya mitatu, hadi Rais Ruto alipotangaza mwisho wake akiwa Wajir, Februari 2025. Askari aliyesimama Eastleigh mwaka 2014 hakubuni shaka yake mwenyewe. Aliirithi kazini.

Sasa tuvuke mpaka, maana wengine hudhani haya ni maradhi ya Nairobi peke yake. Julai 2013, akihitimisha ziara mkoani Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu muda mfupi waondoke wenyewe. Maelfu wakaondoka, wengine wakiwa wameishi huko kwa miongo, wakiwa na mashamba, ng'ombe na wake wa Kitanzania. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, polisi, jeshi na Uhamiaji wakishirikiana. Vitambulisho vya taifa vilikuwa vimeanza tu kutolewa mwaka uleule. Mwanakijiji wa Karagwe au Ngara hakuwa nacho. Uraia wake ulitegemea neno la mwenyekiti wa kitongoji na kumbukumbu za majirani. Jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alikuwa amepewa silaha kali kuliko panga.

Mwezi uliofuata ikaja operesheni nyingine, Tokomeza, dhidi ya majangili, kwa mtindo uleule wa kuchanganya vyombo. Ukatili wake ulifikishwa Bungeni, Kamati ikatoa taarifa, na Desemba 2013 mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao siku moja. Wafugaji waliopigwa katika Tokomeza walikuwa na wabunge wa kuwasemea. Vivyo hivyo Kenya: ilikuwa mpaka Aden Duale, kiongozi wa wengi Bungeni, na wabunge wenzake wenye asili ya Kisomali watishie kuiasi serikali yao ndipo Usalama Watch ikaonekana kuwa na gharama ya kisiasa. Mnyarwanda aliyefukuzwa Kagera hakuwa na mbunge. Mgeni hana kura, na mamlaka yanayotumika juu ya mtu asiye na kura hayana breki ila ile itakayowekwa na mahakama.

Na mahakama zimejaribu. Julai 2013 Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji David Majanja akitoa hukumu katika kesi ya shirika la Kituo cha Sheria, ilifuta agizo la Desemba 2012 la kuwahamishia wakimbizi wa mijini kambini. Februari 2015 majaji watano walifuta kifungu kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Katikati ya hukumu hizo mbili, hata hivyo, Mahakama Kuu hiyohiyo ilikataa kulifuta agizo la ole Lenku la Machi 2014. Msiende nyumbani mkiamini kwamba majaji wako upande mmoja daima.

Hukumu ninayoipenda zaidi ilitolewa Arusha, tarehe 22 Machi 2018, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2012 mtu mmoja alikwenda kituo cha polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Fikirini: alikwenda mwenyewe, kwa jambo la furaha. Polisi wakachukua pasipoti yake wakidai wanatilia shaka uraia wake. Miaka miwili baadaye alikamatwa na Uhamiaji, akapelekwa mpakani na kusukumwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu, ikamrudisha. Akabaki kwenye kipande cha ardhi kati ya nchi mbili, upande wa Sirari, asikanyage huku wala kule. Alikuwa na hati zilizotolewa na Tanzania yenyewe, na serikali ilikuwa ikizikana.

Mahakama ilisema kwamba nchi ikimkana mtu ambaye imemtambua kwa hati zake yenyewe tangu kuzaliwa, mzigo wa kuthibitisha unaiangukia nchi, haumwangukii yeye. Ikaiamuru Tanzania irekebishe sheria zake ili anayetiliwa shaka uraia apate njia ya kwenda mahakamani, kwani Sheria ya Uraia ya 1995 inaufanya uamuzi wa Waziri kuwa wa mwisho. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama hiyo, ambayo makao yake yako katika ardhi yake. Kenya haijawahi kutoa tamko hilo, kwa hiyo tusicheke.

Kuna mfano wa mbali ambao unasaidia kuonyesha kwamba nasema jambo la kisheria na si la huruma tu. Mwaka 2010 jimbo la Arizona, Marekani, lilipitisha sheria iliyowapa polisi wake madaraka makubwa ya uhamiaji. Juni 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta vifungu 3 kati ya 4 vilivyopingwa. Sababu mojawapo ndiyo inayonivutia: Mahakama ilieleza kwamba, kwa kawaida, mgeni kuendelea kukaa Marekani bila kibali si jinai. Ni suala la kiutawala, linalomalizwa kwa kumwondoa mtu nchini. Polisi wa kawaida, ambaye kazi yake ni jinai, hana pa kushikia. Kifungu kilichobaki kinamtaka askari aulizie hadhi ya mtu aliyekwisha kumsimamisha kwa sababu nyingine halali, na hicho nacho kimelalamikiwa sana. Sisemi Marekani inawatendea wageni vyema. Mambo yanayofanywa huko na maafisa wa uhamiaji wenyewe mnayaona. Nasema tu kwamba uamuzi wa kufanya kuwapo kuwa jinai ni uamuzi. Nchi inaweza kuufanya na inaweza kuutengua, na mipaka yake ikabaki palepale.

Afisa mmoja atainuka kuniuliza: na usalama je? Ni swali zuri na halijibiwi kwa kauli mbiu. Aliyelipua bomu akamatwe kwa kulipua bomu, anayelipanga akamatwe kwa kulipanga, na sheria zetu za ugaidi zina meno ya kutosha na zaidi. Lakini taarifa za mipango kama hiyo hutoka kwa majirani. Mama wa Eastleigh aliyeona wageni wa ajabu kwenye chumba cha ghorofa ya tatu atampigia nani simu, kama mtu aliyevaa sare ndiye aliyemchukua mwanawe Ijumaa iliyopita? Kila msako wa karatasi unaigharimu idara ya upelelezi mashahidi ambao haitawajua kamwe kwa sababu hawatajitokeza.

Ningependa kuona nini, basi? Kazi ya kuamua nani ana haki ya kukaa ibaki kwa maafisa wa Uhamiaji, mezani, penye daftari na kompyuta, na rufaa mbele ya hakimu. Askari wa doria asimdai mtu hati za uhamiaji ila amemsimamisha kwa kosa lingine, na sababu yake aiandike kwenye kitabu cha matukio cha kituo (OB) kabla mtu hajaingizwa seli: aliona nini, saa ngapi, wapi. Akiandika kwamba alimwona mtu "anafanana na Msomali", tutakuwa angalau na kitu cha kuipelekea IPOA. Mtu asiye na kibali aondolewe kwa taratibu za kiutawala, baada ya kusikilizwa, na kama anadai ukimbizi, baada ya dai lake kuamuliwa.

Sitarajii Bunge lifanye hivyo. Mbunge atakayepeleka mswada wa kukifuta kifungu cha 53(1)(j) atapoteza kura nyingi na hatapata hata moja. Njia ninayoiona inapitia mahakamani, na nusu yake imekwisha kutengenezwa. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha sehemu ya sheria ya kikoloni ya uzururaji iliyotumiwa kumkamata mchuuzi aliyekuwa akienda kazini alfajiri. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika, ikiombwa maoni na Umoja wa Mawakili wa Afrika, ilisema sheria za uzururaji zinazoadhibu hali ya mtu badala ya tendo lake, na kumpa askari ruhusa ya kumkamata bila kibali kwa namna anavyoonekana, zinakiuka Mkataba wa Afrika: utu, usawa, uhuru wa mtu, uhuru wa kutembea. Maoni hayo hayakuhusu uhamiaji, na wakili wa serikali atalisema hilo katika dakika ya kwanza. Atasema pia kwamba kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Atakuwa sahihi kuhusu kuingia. Atakachotakiwa kueleza ni kwa nini anayezurura haadhibiwi kwa kuwapo, na anayeuza nguo Eastleigh anaadhibiwa, ilhali askari aliyewakamata wote wawili aliona kitu kilekile.